Mjomba Alipouliza Njia

Chaka, chaka, chaka. Hivyo ndivyo mjomba Saidi alivyosikika kabla hajaonekana. Kwenye mfuko wa shati lake, upande wa kushoto, kilikaa kikopo cheusi cha plastiki, vile vya kuhifadhia filamu za kamera, alichopewa na mpiga picha mmoja wa Masasi. Ndani yake mlikuwa na vidonge. Akitembea polepole vilisema chaka kwa nafasi, na akiwa na haraka ya kuliwahi lori vilipiga kama kayamba la watoto wa shule. Mimi nikiwa jikoni na bibi nilikuwa naweza kukwambia yuko kwenye kona ipi ya njia.

Tulipomzika mwaka jana, nguo zake ziligawanywa kama kawaida, koti kwa huyu, kanzu kwa yule. Kikopo hakikuwa na mwenyewe, nikakichukua mimi. Nilipokitikisa kikalia vilevile, nikastuka, maana vidonge alikuwa ameviacha miaka mingi nyuma. Nikafungua. Mlikuwa na kokoto tatu. Nadhani mkono wake ulizoea ile sauti.

Kwa hiyo nayaandika haya kwa ajili yetu tuliokua wakati mmoja. Mimi shule yangu ni ya msingi tu, msinitegemee maneno makubwa. Nyie mnaukumbuka ule wakati maduka yalipoanza kujaa vitu, sabuni za rangi rangi, mitumba inamwagwa chini kwenye turubai, na matajiri kutoka kusikojulikana wanakuja wenyewe mpaka kijijini kununua korosho. Wakubwa waliuita soko huria. Mimi kwa akili yangu niliona ni kama mgeni mwenye nguvu nyingi anayepita usiku na kusogeza vitu, maana kila mtu alikuwa akisema siku hizi mambo yamebadilika, huwezi kujua kitu kiko wapi.

Nilikuwa nakaa Mnyambe kwa bibi, mama yake mama. Watu walimwita Mama Saidi, kwa jina la mtoto wake mkubwa, yaani huyu mjomba. Jina lake hasa lilikuwa Asumini, nami nimepewa hilohilo, ndiyo maana mjomba hakuniita kwa jina. Aliniita mama. Alikuwa na mwili mkubwa na mustachi, anapiga goti kidogo kwa utani, anasema, "Shikamoo mama," na mimi mwenye miaka tisa naitikia marahaba bila aibu yoyote.

Aliendesha malori tangu ujana. Kwanza ya ushirika, kisha ya tajiri mmoja aliyekuwa anakusanya korosho Newala na Masasi na kuzipeleka pwani. Lori la tajiri halikulala. Likishusha linapakia, likipakia linaondoka, na dereva asiyetaka hivyo anapisha wenzake. Madereva walikuwa na vidonge vyao vya kufukuza usingizi, wanaviita karanga. Mjomba alitafuna karanga zake bila maji, mbili mbili, baadaye nne nne. Siku moja niliomba na mimi. Alikifunga kile kikopo, akasema hizi karanga zina wenyewe.

Watu walimsifu kwa jicho. Nimewasikia makuli wakisema Saidi akilitazama rundo la magunia mara moja tu anajua litakaa vipi kwenye bodi, lipi lilale, lipi lisimame, na gunia la mwisho linaingia kama lilikatiwa nafasi yake. Lori refu alilirudisha kinyumenyume kwenye mlango wa ghala kwa mkono mmoja huku anaongea na mtu. Akitaka kukueleza Mtwara ilivyokaa alichukua kijiti, akachora mchangani, na ukifika Mtwara unaikuta hivyohivyo. Ule mchanga mbele ya nyumba ya bibi ndiyo ramani yangu ya kwanza. Nilikuwa nalala nikiota naendesha lori juu ya ile michoro, milima kwa mabonde, nikipiga honi.

Sasa, likizo akawa ananichukua. Ananipandisha mbele, naona barabara yote. Na humo safarini ndimo ulimozaliwa mchezo wetu. Mara ya kwanza ilikuwa Masasi sokoni. Tulinunua kanga ya bibi na dagaa, tukatoka upande wa mafundi cherehani, mjomba akasimama. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Akaniinamia akasema, "Mama, leo nimepotea. Niokoe. Gari yetu iko wapi?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Lori lile kubwa, jekundu, tumeliacha nyuma ya soko muda si mrefu. Nikamshika kidole nikamwongoza, tukapita kwa wauza nyanya, tukapita kwa fundi baiskeli, tukalifikia. Akanipa kashata, akasema bila mimi angelala sokoni na paka. Tangu siku ile kila tulipofika mahali alipotea, na kila mara nilimwokoa. Nilimwona hodari sana wa kuigiza. Hata jasho lilimtoka kwenye paji la uso, hata midomo ilimtetemeka. Niliwasimulia wenzangu kwamba mjomba wangu anaweza kujifanya kitu mpaka kikawa kweli.

Kuna safari moja tulikuwa tunatoka Lindi. Tulikuwa wawili tu, utingo wake alibaki huko anaumwa. Tukafika Nanganga, pale zinapoachana barabara, moja inakuja Masasi, nyingine inakwenda zake Ruangwa. Barabara ile mjomba ameipita mara zisizo na idadi. Akalisimamisha lori katikati, kikopo kikalia, akameza karanga. "Mama, huku au huku?"

Mimi nami nikataka kuigiza. Nikaonyesha njia ya Ruangwa.

Akakata usukani, akaenda. Nikajibana nisicheke, nikingoja aniambie nimekukamata, mjanja wewe. Hakusema. Tulikwenda, tukaenda, vijiji nisivyovijua, miti nisiyoijua, na yeye anapiga mluzi kwa raha kabisa. Jua likaanza kuinama. Mwishowe nikalia kwamba namtaka bibi. Akasimama, nikamwambia nilimdanganya. Mjomba akaweka mikono yote miwili juu ya usukani, akatazama mbele kwenye kioo kana kwamba kuna maandishi. Halafu akasema taratibu, "Leo umenishinda, mama." Hakunigombeza. Kuligeuza lori pale kulimchukua muda mrefu sana. Alikwenda mbele, akarudi, akakwama, akashuka kutazama magurudumu, akapanda tena. Nikaona kuwa mchezo ule kaunogesha kupita kiasi.

Baada ya hapo habari zake zilifika nyumbani kabla yake. Amegonga nguzo ya mlango wa ghala. Amegonga tena, mlango uleule. Mara amepanga magunia yakalala upande mmoja, na lori likayamwaga njiani kwenye mteremko. Tajiri akamwambia apumzike. Mjomba akarudi Mnyambe na begi moja na kikopo chake, akajengewa kibanda uani kwa bibi. Walevi wa uraka, pombe ya mabibo ya korosho, pale kijijini wakamtania kwamba wao wanakunywa mabibo na nyumbani wanafika, yeye hanywi na anagonga nguzo. Alicheka nao. Ulimi wake ulikuwa uleule, hadithi zilezile, jina la kila mtu na la baba yake analo.

Na ndipo likaja suala la mpaka.

Hapa inabidi nirudi nyuma kidogo. Bibi alikuwa na shamba la zamani, mwendo wa kutosha kutoka kijijini, lililoachwa wakati watu walipohamishwa kwenda kukaa pamoja kwenye vijiji. Mikorosho ikazeeka kwenye vichaka huko, hakuna aliyeijali kwa kuwa korosho hazikuwa na maana tena. Bei zilipoamka, watu wote wakakumbuka mashamba yao. Wakarudi na mapanga na salfa ya kupulizia. Lakini mipaka ilikuwa imemezwa na pori. Jirani yetu kule alikuwa Baba Zuhura, mtu mpole, mswalihina, aliyeamini kwa moyo mweupe kwamba mikorosho tisa iliyo nyuma ya kichuguu kikubwa ni ya kwao. Bibi naye aliamini ni yake, na mmoja kati ya hiyo aliupanda mwenyewe alipomzaa mama yangu.

Kwetu shamba linafuata upande wa mama, na mipaka anayeionyesha ni mjomba. Mjomba Saidi alionyeshwa na mjomba wake akiwa mtoto, na wengine wote waliokuwepo siku hiyo walishakufa. Yeye ndiye aliyekuwa amebaki. Siku ikapangwa. Utaratibu wake ni huu: mama mwenye shamba anamwaga unga kidogo chini ya mti wa kuanzia, anawataja wazee wake. Mjomba anatangulia na jembe, anauzunguka mpaka wote, kila kona anapiga jembe mara moja. Watu wanamfuata nyuma kimya. Hakuna kumsahihisha, hakuna hata kukohoa kwa makusudi. Akirudi pale alipoanzia mwenyekiti anamuuliza kama amefunga, naye akijibu nimefunga, basi imekwisha. Huo ndio mpaka.

Jioni ya kuamkia siku hiyo bibi alimkalisha, akamwambia aseme njia. Mjomba akaisema yote kama mtu anayesoma. Kutoka kwenye mti wa mng'ongo unalipa jua uso mpaka kwenye kichuguu. Hapo kwenye kichuguu unageukia mkono wa kulia, unaipita mikorosho tisa, unafika kwenye jiwe lenye tundu, kisha unateremka na mkonge mpaka unakutana tena na mng'ongo. Bibi alimrudisha mara tatu na mara tatu hakukosea neno. Nami nilikuwa pale nakuna nazi, nikaishika yote. Bibi akalala na moyo mweupe.

Asubuhi tukaenda. Walikuwepo mwenyekiti wa kijiji, wazee wanne, Baba Zuhura na wanawe. Mimi nilibeba kibuyu cha maji ya mjomba, na kabla hatujatoka bibi alinishika sikio akaniambia leo sitaki kusikia hata punje ya neno lako, ukisema kitu umetuharibia. Nikaitikia.

Unga ukamwagwa. Mjomba akatangulia, jembe begani, mgongo umenyooka. Alivaa shati jeupe. Chaka, chaka, kwenye ukimya ule vidonge vilisikika na kila mtu. Tukalikabili jua mpaka kwenye kichuguu. Akapiga jembe. Akasimama.

Alisimama sana. Baba Zuhura akatazama chini kwa adabu. Mjomba akatoa kikopo, akameza, akaomba maji. Nilipompelekea kibuyu akanywa kidogo, akainama kana kwamba anaweka sawa kandambili yake, na mdomo wake ukawa karibu na sikio langu.

"Mama," akasema, "huku au huku?"

Mimi nilijua. Ilikuwa mkono wa kulia, hata sasa hivi naweza kukipeleka kidole changu pale. Lakini bibi alinikataza, na wazee walikuwa wanatazama, na nikaona mjomba ananipima, anataka kujua kama mtoto wa kike wa ukoo wake anaweza kutunza mdomo. Nikaufunga mdomo wangu kwa vidole viwili. Nikamtabasamia.

Naye akanitabasamia. Akanyanyua jembe, akageukia kushoto.

Mikorosho tisa ikabaki upande wa Baba Zuhura. Nilimtazama bibi, uso wake haukuwa na kitu. Nikasema moyoni kwamba mjomba atageuka sasa hivi, atacheka, atasema mmeona nilivyowaweza. Tukazunguka kwenye vichaka ambavyo havina jiwe lenye tundu wala mkonge, mjomba anapiga jembe popote, muda mrefu, hata nusura tusirudi. Alipouona unga chini ya mng'ongo aliukimbilia kama maji.

"Umefunga?" mwenyekiti akauliza.

"Nimefunga."

Baba Zuhura mwenyewe alishangaa. Bibi alikaa chini palepale, akaanza kung'oa majani yaliyonasa kwenye kanga yake, moja moja.

Kijijini maneno yakawa mengi. Wengi walisema Saidi amehongwa, mtu aliyeijua njia usiku uliopita hawezi kuisahau asubuhi. Bibi hakusema hivyo, ila chakula cha mjomba akawa ananipa mimi nimpelekee, hampelekei mwenyewe. Mjomba alikula na kuniambia asante mama. Karanga zikamwishia, hakuwa na wa kumletea, akalala siku nne mfululizo kama mgonjwa, kisha akaamka, akawa anatembea na kikopo kitupu. Nilidhani sasa mchezo umekwisha.

Mchana mmoja nilitoka kuokota kuni nikamkuta amesimama nyuma ya ghala la Baba Zuhura, taulo shingoni, ndoo ya kuogea mkononi. Bafu letu lilikuwa hatua chache tu kutoka kibandani kwake, nyuma ya nyumba. Yeye alikuwa amevuka viwanja vitatu. Maji yalikuwa yamekwisha kumwagika yote. Niliposogea sikumwona akiinama wala akijichekesha. Aliniita jina langu, kwa mara ya kwanza maishani.

"Asumini, nyumba wameihamishia wapi?"

Mtu wa kizazi chake anaweza kuuliza hivyo na asiwe mwendawazimu, maana aliziona kweli nyumba zikihamishwa. Lakini nilimtazama machoni na mchezo haukuwemo. Nikajua pia kwamba haukuwahi kuwemo. Si Masasi sokoni, si Nanganga, wala pale kwenye kichuguu.

"Ipo palepale, mjomba," nikamwambia. Nikamshika kidole.

Nilimweleza bibi yote jioni ile, mpaka la Ruangwa. Alinisikiliza huku anapepeta, hakuacha kupepeta. Kesho yake alimpikia mjomba kuku na kumpelekea mwenyewe, wakakaa huko kibandani mpaka mchana. Kisha akampeleka Lulindi kwa muuguzi mmoja wa misheni, mama mtu mzima, nami nikafuata. Yule mama alimpa mjomba karatasi na penseli, akamwambia achore nyumba yetu na kisima. Mtu aliyenichorea Mtwara mchangani alichora mlango peke yake pembeni, na ukuta kona nyingine ya karatasi. Muuguzi hakucheka. Alimweleza bibi kwamba vile vidonge humwamsha mtu, lakini vikiliwa miaka vinachosha ile sehemu ya kichwa inayojua kitu kiko wapi. Maneno yanabaki, majina yanabaki, ila kuyaleta kwenye ardhi ndiyo kazi. Bibi akauliza kama itarudi. Akajibiwa huenda kidogo, taratibu, akikaa mbali navyo.

Baba Zuhura alipopata habari alikuja, akakaa kwenye mkeka, akasema yeye hakuhonga mtu. Bibi akamjibu anajua. Mpaka uliofungwa hatukuufungua, kwetu haufunguliwi, na mikorosho ile tisa mpaka leo ni ya wajukuu zake. Alichofanya ni kumwambia bibi kwamba mabibo ya ule mti wa mama yangu aokote yeye kila msimu. Bibi aliokota mpaka miguu ilipomkataa.

Mimi nilibaki na langu. Hakuna aliyenilaumu, na labda hilo ndilo lililonisumbua. Neno moja tu, huku, ningelitia kwenye sikio lake pale kwenye kichuguu, na hakuna mzee ambaye angelisikia.

Mvua za kwanza ziliponyesha watu wote walikwenda shambani kupanda. Mjomba alikuwa amelala. Nilibaki na kazi ya kuangalia kuku. Uani lilikuwepo tita la miti ya muhogo iliyowekwa kwa mbegu, na mbegu ya muhogo, kama mnavyojua, inakatwa fupi. Mimi nilichukua panga nikaikata mirefu, ya kufika kiunoni kwa mtu mzima, mkono wake uipapase akitembea, nikijua kabisa bibi atanitandika. Nikaanza kuichomeka ardhini. Wa kwanza kwenye mlango wa kibanda chake, unaofuata hatua moja mbele, upande wa kulia tu, mpaka bafuni. Kisha kutoka bafuni mpaka jikoni, na kutoka jikoni kurudi mlangoni. Udongo ulikuwa laini, ukiingia kwenye kucha. Kila nilipochomeka nilisema chinichini, huku.

Nilipomaliza sikumwita mtu. Nilirudi mlangoni kwake, nikafumba macho, nikaweka mkono wangu wa kulia kwenye mti wa kwanza, nikaanza kutembea.